Mkunga wa Droo ya Kumi na Nne

Ulijitia hamnazo. Usijitetee. Mama yako alianza kusema, "Siku nikifa, mwanangu, nataka..." nawe ukamkatiza, "Mama, mambo gani hayo sasa?" Ukaongeza sauti ya redio. Baba yako alikuita pembeni akiwa na karatasi mkononi, ukamwambia utaisoma Jumapili. Jumapili ngapi zimepita? Siku ikifika mnavutana juu ya mwili kama watu wanaogombea kiti, na yule aliyekuwa na la kusema hana tena mdomo. Yanakumbukwa hayo, hata kama wewe umeyasahau.

Asubuhi hii ya Alhamisi yalikuwa yamemwangukia mtu ambaye hakuyaanzisha: mwanamke mpelelezi ambaye kituoni kwao wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kupenya palipozibwa.

Saa tatu na nusu Sindano alisimama mbele ya droo namba tisa ya mochwari ya hospitali kuu. Droo ilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na shuka lililokunjwa na baridi, basi.

"Alikuwa humu," alisema mhudumu wa mochwari, mwanamume wa buti nyeupe za mpira na kalamu mbili mfukoni. "Leo hayumo kwa sababu wenyewe wamemchukua."

"Mwenyewe ninayemjua mimi yuko huko nje analia."

"Mwenyewe mwingine, afande. Mdogo wake wa kiume. Kaja saa kumi na mbili asubuhi na sanduku lake. Daftari hilo, soma."

Sindano alisoma. Jina, saa, sahihi yenye mkia mrefu uliopinda kama ndoano. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na jambo hilo halikumpendeza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu alikuwa mkunga. Kwa miaka arobaini alizalisha na kufundisha wakunga, hata wakampa jina la Mama Mikono. Miaka minne iliyopita alikwenda kwenye chuo cha udaktari akajaza fomu: akifa, mwili wake wapewe wanafunzi wa anatomia wajifunzie, na wakimaliza, mfupa wa nyonga yake uwekwe kwenye kabati la kioo la darasa la ukunga. Darasa hilo lilikuwa na nyonga ya plastiki, pana kama beseni. Ya kwake ilikuwa nyembamba mno, na ilikaribia kumuua siku alipomzaa mwanawe wa pekee. Alifariki Jumanne saa sita mchana. Chuo hupokea ndani ya saa arobaini na nane, ikipita dakika moja hawapokei. Maana yake leo, saa sita mchana, mlango unafungwa. Binti yake, naye mkunga, alikuja na fomu asubuhi hii akakuta droo tupu. Na mdogo wa marehemu, mjomba wa binti, alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake hatatundikwa kwenye kioo kama saa ya ukutani.

Zilibaki saa mbili na nusu.

"Fungua droo zote," Sindano alisema.

"Zote, afande? Mwizi wako nimeshakutajia."

"Hujanitajia mwizi. Umenitajia mjomba."

Mhudumu akaanza kuvuta. Droo zilitokea upande wa miguu. Waliomo walikuwa wamefunikwa gubigubi, vidole vya miguu tu nje, na kwenye kila kidole gumba kulikuwa na lebo iliyofungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa mara mbili. Sindano alisoma moja moja. Ya kumi na moja, mwanamume. Ya kumi na mbili, mwanamume. Ya kumi na nne: *Mwanamke. Hajulikani.* Hiyo haikuwa na waya. Ilifungwa kwa utepe mweupe, na utepe ulikuwa na mafundo mawili madogo, moja nyuma ya jingine.

"Waya uliisha?"

"Waya upo. Zamu ya jioni hao. Wanafunga na chochote wanachookota."

Sindano aliandika kwenye kijitabu chake: *14, utepe, si waya.* Mhudumu akasukuma droo. Miaka kumi na saba ya upelelezi, naye Sindano akasoma lebo akaacha uso. Hata yeye.

*

Kwa mjomba kulikuwa na turubai, viti vya kukodi na watu waliokwisha kuanza kuzungumzia mambo mengine. Mjomba alikuwa seremala, na sanduku alikuwa amelichonga mwenyewe. Lilikaa sebuleni juu ya vigoda viwili, limepigwa misumari pande zote.

"Shikamoo mzee," alisema Sindano.

"Marahaba. Kama umekuja kutoa pole, viti vile pale. Kama umekuja na huyo mtoto na karatasi zake, mlango ule pale."

"Nimekuja kwa yote mawili."

Binti hakusubiri. "Mjomba, mama yumo humo?"

"Sasa asiwemo humo awe wapi? Sokoni?"

Sindano alilizunguka sanduku polepole. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko, akakizuia kwenye msumari mmoja. Ulikuwa umepinda, ukapigwa ukalazwa ubavu. Wa pili vilevile. Aligeuka akatazama kabati la vyombo, meza, fremu ya mlango. Kote ni skrubu, vichwa vyake vimezama sawa na mbao.

"Hivi vyote umetengeneza wewe?"

"Miaka thelathini na mbili ya kazi."

"Fundi wa miaka thelathini na mbili, na jeneza la dada yako unalipiga misumari ya kupinda? Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Sindano akagonga ubao kwa kidole.

"Mbao gani hizi?"

"Msonobari."

"Nyepesi. Walioliingiza humu ndani ni watu wangapi?"

"Sita," alijibu mwanamume mmoja pale mlangoni, kabla hajakanyagwa mguu na mwenzake.

"Marehemu alikuwa na kilo ngapi?" Sindano alimuuliza binti.

"Arobaini na tatu. Nilimpima Jumamosi."

"Sanduku la msonobari, mama wa kilo arobaini na tatu, wanaume sita. Na yule wa kona bado amejishika kiuno."

Yule wa kona akaachia kiuno.

"Nyundo, mzee," alisema Sindano. "Ufungue wewe au nifungue mimi, na mimi nitakuharibia mbao."

Mjomba alikaa kwanza. Kisha akainuka, akachukua nyundo na kuing'oa misumari mmoja mmoja, na watu wa nje wakaanza kusogea dirishani. Kifuniko kikainuka. Ndani mlikuwa na viroba viwili vya mchanga wa ujenzi, vimefunikwa blanketi la maua.

Binti alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Mjomba. Ulitaka kuzika mchanga?"

"Watu wameshakuja. Turubai limeshafungwa. Ningewaambia nini? Dada yangu kapotea mochwari kama mwavuli?" "Nilifika saa kumi na mbili na sanduku langu. Droo tupu. Yule wa mabuti akaniangukia miguuni, mzee nisaidie, weka sahihi, kazi yangu itakwenda. Nikaweka. Nikajua chuo kimeshamwiba usiku."

"Chuo kimenipigia mara tatu tangu asubuhi kuniuliza yuko wapi," alisema binti.

Wakatazamana, mjomba na mpwa wake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne walikuwa na jambo moja: hakuna kati yao aliyejua alipo.

Saa nne na dakika ishirini.

*

Binti aliweka fomu na barua za chuo ndani ya jalada, akatoa utepe mweupe mfukoni, akalizungusha na kulifunga. Alifunga fundo. Akapima vidole viwili, akafunga la pili. Kisha akakata utepe mbele yake kwa mkasi mdogo wa kazini.

Sindano alimshika mkono. "Rudia."

"Nini?"

"Hicho ulichofanya. Nani kakufundisha?"

"Mama. Ndivyo kinavyofungwa kitovu. Fundo la kwanza vidole viwili kutoka tumboni, la pili vidole viwili mbele yake. Alitukaririsha mpaka tukawa tunafunga kila kitu hivyo, mifuko ya sukari, viatu. Wanafunzi wake wote. Wenzetu wanatucheka."

Sindano alikuwa ameshafungua kijitabu. *14, utepe, si waya.* Aliuona mguu ule, kidole gumba, mafundo mawili.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Alikuwa hapa," alisema mjomba. "Tuligombana tangu magharibi. Kanivunjia kikombe."

"Viwili," alisema binti.

Sindano alikuwa ameshapiga simu. "Mochwari? Droo kumi na nne. Ifungue, simama kando yake, asiguse mtu."

"Kumi na nne imeondoka, afande," sauti ya mhudumu ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyedhani hatari imempita. "Si leo Alhamisi? Lori la manispaa limebeba wasiojulikana saa nne kamili. Watano. Huwa wanafukiwa kabla ya saa sita."

Unalijua lori hilo. La kijani, turubai limefungwa nyuma. Kila Alhamisi linapita barabara kuu na wewe unalipisha njia, unafunga kioo kwa sababu ya vumbi. Hujawahi kuuliza limebeba nini. Ukiambiwa utasema hukujua, na utakuwa umesema kweli, kwa sababu kutojua umekutafuta mwenyewe.

"Yuko kwenye lori," Sindano alisema, na tayari alikuwa anakimbia. Binti nyuma yake. Mlango wa tatu wa gari ukafunguliwa kabla halijaondoka, na mjomba akaingia na nyundo yake.

"Huyo ni dada yangu," alisema. "Endesha."

*

Gari lilikula kona ya kwanza kwa magurudumu yaliyopiga kelele. Sindano hakugeuza kichwa. "Jana jioni, hospitalini, mwanafunzi gani wa mama yako alikuwa zamu?"

"Mmoja tu. Wa mwisho kumfundisha. Tunamwita Kitindamimba."

"Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Simu iliita mara mbili. Nyuma ya sauti ya msichana kulikuwa na kichanga kinalia kwa nguvu zake zote.

"Dada, nitakupigia, nina mama hapa..."

"Kitindamimba, mama yuko wapi?"

Kitindamimba akashusha sauti.

"Yuko salama," alisema Kitindamimba. "Nimemficha. Jana nilimsikia mjomba wako kwenye korido akisema atakuja alfajiri na sanduku. Mhudumu alipokwenda kula nikashuka. Nikamhamisha droo, nikamwandikia lebo nyingine. Nikitoka zamu nampeleka chuo mwenyewe, kabla ya saa sita. Ila mwenzangu hajafika, na hapa wanajifungua watatu, siwezi kuwaacha."

Sindano aliinamia simu. "Mimi ni polisi. Kwa nini ulimweka kwa wasiojulikana?"

"Kwa sababu wodini kwetu mtoto ambaye hajapewa jina hatoki. Anasubiri. Mwezi mzima hakuna wa kumgusa mpaka apewe jina. Nikajua hata huko chini ni hivyohivyo."

Mjomba alifumba macho.

"Huko chini ni kinyume chake, mama," Sindano alisema, bila ukali. "Asiye na jina ndiye anayetolewa wa kwanza. Lori limemchukua."

Kitindamimba akasema kwa sauti ndogo, "Kimbieni, tafadhali."

"Tunakimbia. Zalisha hao watatu. Kesho saa mbili uwe ofisini kwangu na maelezo yako, yote."

*

Eneo la kuzikia la manispaa lilikuwa mwisho wa barabara ya kokoto. Hakuna geti. Trekta lilikuwa limechimba mtaro mmoja mrefu, na lori la kijani limesimama kando yake, nyuma wazi. Wanaume wanne walikuwa wanashusha masanduku ya mbao nyembamba, yanayofanana kama matofali. Matatu yalikuwa tayari mtaroni. Mawili kati ya hayo, ya mwisho wa mtaro, yalikuwa yameanza kupotea kwenye udongo.

"Simamisheni," Sindano alisema, akiinua kitambulisho.

Msimamizi, mtu wa fulana ya kung'aa na orodha kwenye ubao, hakusimamisha. "Una barua, mama? Mimi nafuata barua. Wanaume watatu, wanawake wawili, watano."

"Ya wanawake ni yapi?"

"Mama, hapa sifungui. Napokea, nafukia."

Mjomba alimpita kama amepita nguzo. Alipanda lorini akapachika makucha ya nyundo chini ya kifuniko cha kwanza, kikaruka kama kifuniko cha sufuria. Miguu ya mwanamume. Waya. Cha pili. Miguu ya mwanamke, midogo, yenye nyufa. Waya.

"Si huyu," binti alisema.

"Basi mwanamke mwingine yuko chini," Sindano alisema, naye akaruka mtaroni na viatu vyake vya kazi. Mjomba akamfuata. Walikuwa wanakwangua udongo kwa mikono, na msimamizi juu yao akisoma orodha yake kwa sauti kana kwamba itamtetea. Kifuniko cha kwanza kilichofukiwa kilipasuka katikati. Waya. Wakasogea kwa mwenzake. Mbao ikanyanyuka, na shuka likatokea, na kidole gumba, na utepe mweupe wenye mafundo mawili.

Safari hii Sindano hakusoma karatasi. Alifunua shuka kwa juu, akatazama uso.

"Mama," alisema binti.

Saa tano na dakika tano.

Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye udongo. Alimfuta dada yake paji la uso kwa mkono wa shati. Kisha akainuka akasimama kati ya sanduku na wengine, nyundo bado mkononi. "Amepatikana. Nashukuru. Sasa anakuja nyumbani."

"Chuo ni dakika arobaini kutoka hapa," alisema binti. "Mjomba, tafadhali."

"Nimesema hatundikwi."

Sindano hakubishana. Alichukua jalada mikononi mwa binti, akakata utepe, akageuza fomu hadi ukurasa wa mwisho na kumpa. Alikuwa ameiona sahihi ile mara moja leo, kwenye daftari la mochwari, na mkia wake uliopinda kama ndoano hausahauliki.

"Shahidi wa pili. Ya nani hiyo?"

Mjomba aliisogeza karatasi mbali, akaileta karibu.

"Alikuja karakana," alisema. "Nilikuwa naranda mlango wa mtu. Akasema, hii ni ya siku nitakapokufa, kaa nikusomee. Nikamwambia lete niweke sahihi, usinitie mkosi kazini." Akapapasa mfuko wa shati. "Sina miwani. Sababu kaandika nini?"

Binti alisoma, na sauti yake ilikuwa ile ya kusomea wagonjwa, isiyotetereka. "Nyonga yangu ni nyembamba na ilikaribia kuniua. Nataka waione kwangu kabla hawajaikuta kwa mwanamke mwingine usiku wa manane bila kujua wanashika nini."

"Karibu imuue? Lini?"

"Siku niliyozaliwa. Ulikuwa kwenye benchi pale nje, mjomba. Alitaka kukuhadithia, ukamwambia mambo ya wanawake hutaki kuyasikia."

Trekta lilizimwa. Mjomba aliikunja fomu kwa mikunjo yake ileile, akairudisha. Nyundo akaichomeka mkandani.

"Shika upande wa miguu," alimwambia mpwa wake. "Wawili tunatosha. Huyu hana uzito."

"Na orodha yangu?" aliita msimamizi wakati wanapita. "Nimeandikiwa watano."

"Andika wanne," Sindano alisema. "Na yule mwanamke mwingine, na wanaume watatu, usiwafukie mpaka nirudi. Wana nyuso. Leo nitazitazama."

*

Saa sita kasoro dakika nane gari liliingia chuoni likiwa limefunguliwa nyuma, na mjomba ameshikilia sanduku kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshikilia ngalawa. Mwalimu wa anatomia alikuwa amesimama kwenye ngazi na kitoroli, saa mkononi. Alisoma fomu yote, kila mstari, hadi sahihi ya shahidi wa pili, na mwenye sahihi alikuwa mbele yake akitikisa kichwa kukubali. Akapokea.

"Lebo hii inasema hajulikani," alisema mwalimu. "Nani atamwandikia nyingine?"

Binti aliandika jina kamili la mama yake. Akaifunga mwenyewe. Fundo moja, vidole viwili, fundo la pili. Mkasi ulikata, na kitoroli kikaingia ndani. Mjomba alibaki kwenye ngazi na udongo magotini, akimuuliza mwalimu kama kabati hilo la kioo limeshatengenezwa, kwa sababu mbao za kabati, alisema, haziwekwi na mtu yeyote tu.

Sasa wewe. Usigeuze ukurasa. Kuna mtu aliyewahi kuanza kukuambia siku yake ikifika anataka nini, ukamnyamazisha, na unamkumbuka ni nani, kwa sababu uso wake umekujia sasa hivi. Kama yu hai, yuko chumba cha pili, au ng'ambo ya simu. Weka kitabu chini. Zima redio. Mwambie aanze pale alipoishia, uandike anavyosema yeye, umsomee, na kama kuna mahali pa kutia sahihi, usitie kabla hujasoma. Akitaka kuzikwa, andika. Akitaka kuchomwa, kupandiwa mti, kukatwa vipande afundishe watu, andika. Kisha uandike yako.

Nyanyuka. Anakusubiri.